Nzi huyu ni nani? Jinsi ya kumpiga picha nzi na kupata jina lake kwa mtaalamu, ukiwa Bukavu

Shangazi yangu analima maboga kwenye mteremko wa Bagira. Mwaka juzi maboga yake yalianza kuoza yakiwa bado madogo kama ngumi ya mtoto. Alinipa moja mkononi akaniambia, "Mtoto wangu, wewe uliyesoma, niambie ni mdudu gani huyu." Nilipolipasua, ndani mlikuwa na funza weupe. Mmoja alidondoka mezani, akajikunja mpaka kichwa kikagusa mkia, kisha akajirusha umbali wa shubiri nzima. Sikuwa na jibu. Nilirudi bustanini, nikampiga picha nzi aliyekuwa ametua kwenye jani, nikaituma kwa mtaalamu wa wadudu kwa WhatsApp. Alinijibu kwa upole kwamba anaona nzi, ila hawezi kusema zaidi ya hapo.

Ilinichukua miezi kuelewa kwa nini. Sisi tunamtambua jirani kwa sura yake yote, hata akiwa mbali njiani. Mtaalamu wa nzi hafanyi hivyo. Yeye anatafuta mshipa mmoja wa bawa uliopinda, unywele uliopo au usiopo, mstari wa njano mgongoni. Picha isiyoonyesha alama hizo haimpi kitu cha kusoma, hata kama ua lililo nyuma ya nzi limependeza namna gani. Kwa hiyo kazi kubwa iko kwako kabla hujamwandikia mtu yeyote, na sehemu ndefu ya mwongozo huu inahusu kazi hiyo.

Jina lenyewe lina faida ya mkononi. Mitego ya nzi wa matunda hutumia chambo chenye harufu inayowavuta madume, na kila kundi lina chambo chake. Methili eujenoli inamvuta Bactrocera dorsalis, yule anayeharibu maembe. Kwa nzi wa maboga na matango chambo ni kingine, kinauzwa kwa jina la cue-lure. Ceratitis capitata, nzi mwingine wa matunda, naye ana chake, trimedlure. Ukikosea jina, unanunua chambo, unatundika mtego, na nzi wako anapita pembeni tu.

Hakikisha kwanza ni nzi

Hesabu mabawa. Nzi ana mawili tu, na jina la oda yake (yaani kundi kubwa la wadudu analomo), Diptera, ni Kigiriki chenye maana hiyo hiyo ya mabawa mawili. Nyuki na nyigu wana manne, ingawa ya nyuma hujificha chini ya ya mbele. Mahali ambapo mabawa ya nyuma yangekuwa, nzi ana virungu viwili vidogo sana vinavyomsaidia kujisawazisha anaporuka. Ukiviona kwenye picha, maliza ubishi.

Hatua hii usiiruke, maana kuna nzi wengi waliovaa nguo za nyigu au za nyuki: njano na nyeusi, tumbo jembamba. Wale wanaosimama hewani mbele ya ua bila kusogea, halafu wanapotea ghafla, ni nzi wa familia ya Syrphidae. Hawana mwiba, na mabuu wa baadhi yao hula vidukari kwenye mboga zako, kwa hiyo usiwaue kwa kuwadhania nyigu. Mbu nao wamo katika oda hii ya Diptera, ila wana vipapasio virefu. Nzi wa kawaida vipapasio vyake ni vifupi, vimelala usoni.

Mpate akiwa mzima, na akiwa amekomaa

Nzi aliyetua kwenye jani lenye kidonda si lazima awe ndiye aliyelitoboa. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Ukitaka kujua nani anaharibu tunda, mlee mwenyewe mpaka atoke.

Nilichukua beseni, nikamwaga mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole vitatu. Nikaweka juu yake maboga matatu yaliyoanza kulainika, nikafunika kwa kipande cha chandarua na kukifunga kwa mpira. Beseni likakaa kivulini, mbali na sisimizi. Funza wakishashiba hutoka kwenye tunda, hujirusha kama yule wa mezani, hushuka mchangani na kugeuka kuwa vidonge vya kahawia vinavyofanana na punje za mchele. Kuruka kwa funza tayari ni dalili: funza wa nzi wa matunda wana tabia hiyo. Nzi wenyewe hutoka baadaye, na kwa baridi yetu ya hapa, mita karibu 1,500 juu ya usawa wa bahari, usichoke ukingoja hata wiki tatu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kazi. Nzi aliyetoka leo ni laini, mabawa yake yamekunjamana, rangi zake ni hafifu. Ukimpiga picha siku hiyo, mistari ya njano ambayo mtaalamu anaitafuta haitaonekana, au itaonekana kwa rangi isiyo yake. Mpe sukari kidogo na pamba iliyolowa maji, mwache siku nne au tano. Rangi zitashika. Mimi niliwachungulia kila asubuhi. Siku ya kwanza walikuwa kama chai ya maziwa, siku ya tano mgongo ulikuwa na michirizi ya njano iliyokolea.

Huenda beseni likatoa pia vidudu vyembamba vyenye mabawa manne na vipapasio virefu. Hao ni nyigu wadogo wanaotaga mayai yao ndani ya funza na kuwaua. Wapige picha nao, waandike, kisha waachie bustanini. Ni marafiki wa mkulima.

Kwa nzi ambaye hatoki kwenye tunda, mfunike kwa glasi, pitisha karatasi chini yake. Asubuhi mapema ni wazito kwa baridi, wanashikika kwa urahisi.

Picha tano, kila moja na kazi yake

Nzi mzima hatulii. Mtie ndani ya kichupa, weka kichupa kwenye friji dakika tano, usimweke kwenye sehemu ya kugandisha. Umeme ukiwa umekatika, zungushia kichupa kitambaa kilicholowa maji ya baridi sana au kiegemeze kwenye barafu ya kununua. Ukimtoa, una dakika moja au mbili kabla hajaamka, kwa hiyo tayarisha kila kitu kabla.

Simu ya kawaida inatosha ukiweka lenzi ndogo ya kubana mbele ya kamera, au hata kioo cha kukuzia cha mara 10, kile wanachotumia mafundi saa na wanafunzi wa biolojia, ukikishika sawasawa mbele ya kamera. Usitumie kukuza kwa vidole kwenye skrini. Hapo simu inabuni tu, haioni. Isogeze karibu mpaka inapokataa kulenga, rudi nyuma kidogo, gusa jicho la nzi kwenye skrini, kisha piga. Laza simu juu ya rundo la vitabu ili mkono usitikise. Kaa karibu na dirisha, lakini jua lisimpige moja kwa moja, kwa sababu mgongo wa nzi unang'aa na mng'ao unafuta alama. Pazia jeupe linatosha kulainisha mwanga.

Chini yake weka karatasi ya hesabu yenye miraba ya milimita. Mtaalamu atajua urefu wa nzi bila kukuuliza.

Piga thelathini, chagua tano. Ya kwanza kutoka juu, mabawa yakiwa yamefunguka kidogo ili mgongo na tumbo vyote vionekane. Ya pili ubavuni, miguu ikionekana. Ya tatu usoni: umbali kati ya macho, vipapasio, mdomo. Kwa nzi wengi dume macho yake yanakutana juu ya kichwa na jike yameachana, kwa hiyo picha ya uso inaweza kukupa hata jinsia. Ya nne ni ya bawa peke yake, likiwa limelala bapa juu ya karatasi nyeupe. Kama una muda wa picha moja tu, piga hii au ile ya juu. Ya tano ni ya mahali: tunda, mmea, kinyesi, samaki, popote ulipomkuta.

Usitie vichujio vya kurembesha. Kukata pembeni kunaruhusiwa, lakini hifadhi picha ya asili ilivyotoka. Na ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati, usiitume kama picha ya kawaida, maana programu inaibana na vinywele vyote vinayeyuka. Inakula mega zaidi, najua. Afadhali utume mbili nzito kuliko kumi nyepesi.

Andika kabla hujasahau

Tarehe na saa. Mahali hasa: kuandika Bukavu tu hakutoshi, andika mtaa na komini, iwe Ibanda, Kadutu au Bagira, pamoja na namba za GPS kutoka kwenye simu na mwinuko. Mmea aliokuwa juu yake. Alikuwa anafanya nini: anataga, anafyonza damu, anaruka juu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, walioanikwa? Ukubwa kwa milimita. Umemlea au umemkamata? Nani alimpata? Mtaalamu aliye Nairobi au Ubelgiji hana njia nyingine ya kujua hayo, na mara nyingi mmea pekee unaondoa nusu ya majina yanayowezekana.

Punguza uwezekano mwenyewe

Majina hushuka kwa ngazi: oda, familia, jenasi, mwisho spishi, yaani aina yenyewe ya mdudu. Huhitaji kuwa profesa kufikia familia. Haya ni makundi tunayokutana nayo zaidi hapa.

Nzi wa nyumbani, Musca domestica, ni wa kijivu na ana mistari minne myeusi mgongoni. Ndugu yake Musca sorbens, anayependa macho ya watoto, ana mistari miwili mipana. Kuna anayefanana naye kabisa lakini mdomo wake ni mgumu na umetokeza mbele kama sindano: huyo ni Stomoxys, anauma ng'ombe na watu pia. Ndiyo maana ya picha ya ubavuni.

Wale wa kijani au buluu inayometa wanaozunguka sambaza na nyama sokoni ni familia ya Calliphoridae. Hapa unakutana na Lucilia na Chrysomya, na alama ya uhakika inayowatenganisha ni mstari wa vinywele kwenye shina la bawa, ambao Chrysomya anao na Lucilia hana. Simu ya kawaida haiuoni. Nzi wa kijivu wenye mistari mitatu mgongoni na tumbo lenye miraba kama ubao wa drafti ni Sarcophagidae. Wengi wao hutambulika hadi spishi kwa viungo vya uzazi vya dume tu, chini ya darubini. Ukimpata huyo, mwambie mtaalamu wazi kwamba utaridhika na familia.

Mbung'o ni mmoja wa wachache ambao picha nzuri inatosha kumjua. Akitua hulaza mabawa moja juu ya lingine kama mkasi uliofungwa, mdomo unatazama mbele, na katikati ya bawa kuna chumba kilichochorwa na mishipa chenye umbo la shoka. Ukimpiga picha, hata kama ni safarini bondeni, usikae nayo. Mtaalamu wa afya au wa mifugo ataihitaji.

Nzi wa matunda, Tephritidae, wana mabawa yenye madoa au mikanda, na wengi wana michirizi ya njano mgongoni. Ndani yao kuna alama moja ninayoipenda kwa sababu ukishaionyeshwa hutaisahau. Mtazame tumbo kutoka juu. Kwa Bactrocera na Zeugodacus, vipande vya mgongo wa tumbo vimetengana, kama vigae vilivyopangwa. Kwa Dacus vimeungana vikawa kigae kimoja. Kwa hiyo picha moja safi ya tumbo, mabawa yakiwa pembeni, inaweza kukutoa kwenye familia hadi jenasi.

Jambo moja la haraka: funza akitoka kwenye ngozi ya mtu, usianze na picha. Nenda kituo cha afya. Cordylobia anthropophaga hutaga kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye mchanga, na kupiga pasi nguo vizuri, pamoja na mishono, kunaua mayai na mabuu wake.

Programu inasaidia, lakini isikuamulie

iNaturalist, iliyoanzishwa mwaka 2008 huko Marekani, ni nzuri kwa kuanzia. Unapiga picha hata bila mtandao, unapakia baadaye ukipata mega, na watu wanaojua wanakupa majina. Lakini pendekezo la kwanza linatoka kwenye mashine, na mashine hiyo imeona nzi wa Ulaya na Marekani wengi kuliko wa Kivu. Ikikupa jina, tazama ramani yake: kama spishi hiyo inaonekana Ulaya tu, shuku. Kubali familia au jenasi, wacha spishi wazi. Na kama umempiga nyumbani kwako, ficha namba kamili za mahali. Programu ina chaguo hilo, na watafiti bado wanaona eneo la jumla.

Kwa anayesoma Kiingereza, kuna Manual of Afrotropical Diptera, iliyotolewa Afrika Kusini: juzuu mbili za kwanza mwaka 2017, ya tatu mwaka 2021. Unaipakua bure. Ni nzito, lakini michoro yake ya mabawa ndiyo iliyonifundisha kutazama.

Mtaalamu yuko wapi, na anaandikiwaje

Anza karibu. Kituo cha utafiti cha Lwiro, CRSN, kiko kilomita kama 40 hivi kaskazini mwa mji, njia ya Kavumu. Kilianza mwaka 1947 kwa jina la IRSAC. Vyuo vikuu vya Bukavu vina idara za biolojia na kilimo, na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, ina kituo Kalambo. Mtu wa karibu anaweza kuja kuona bustani, jambo ambalo barua haiwezi. Ukikwama hapo, icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu ya Nairobi, inawajua sana nzi wa matunda, na jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lina wadudu wengi mno wa Kongo na wataalamu wa nzi wa matunda na wa Syrphidae.

Andika kifupi, kwa Kifaransa ukiandikia Tervuren. Mtaalamu analipwa kwa kazi nyingine. Anakusaidia kwa moyo. Mimi huandika hivi:

"Mheshimiwa Daktari, salamu kutoka Bukavu. Nimelea nzi hawa kutoka kwenye maboga yaliyooza, Bagira, mwezi wa pili. Urefu ni milimita 9. Naambatanisha picha tano, moja ni ya bawa. Nadhani ni Dacus kwa sababu vipande vya tumbo vimeungana, lakini sina hakika. Je, picha zinatosha kufika kwenye spishi? Kama hazitoshi, ni sehemu gani nipige tena? Vielelezo ninavyo kwenye alkoholi."

Swali la mwisho ndilo lenye thamani. Linamwonyesha kwamba uko tayari kurudia kazi. Ukimuuliza "ni mdudu gani?" pekee, unamwachia mzigo wote. Subiri wiki mbili kabla ya kumkumbusha, na umkumbushe mara moja tu. Usitume picha hiyo hiyo kwa watu sita kwa siri; wanajuana, na ni kukosa adabu.

Kusoma jibu

Ukiona "Dacus sp.", maana yake jenasi inajulikana, spishi bado. "Cf." kabla ya jina la pili ni kusema anafanana naye, nitathibitisha nikimwona. "Aff." ni kusema yuko karibu naye, lakini huenda ni mwingine. Jina la mtu na mwaka mwishoni ni la aliyemwelezea kwanza: Musca domestica Linnaeus, 1758. Yakiwa ndani ya mabano, kama Bactrocera dorsalis (Hendel, 1912), spishi hiyo ilihamishwa kutoka jenasi nyingine baadaye.

Majina yenyewe hubadilika. Nzi mmoja wa maembe aligunduliwa Kenya mwaka 2003, akapewa jina Bactrocera invadens mwaka 2005, na mwaka 2015 wataalamu wakakubali kwamba ni B. dorsalis yule yule wa Asia. Karatasi ya ushauri wa kilimo ya mwaka 2010 na ya leo zinaweza kutaja majina mawili kwa nzi mmoja. Kabla hujabishana na mtu, tazama mwaka.

Mtaalamu akiishia kwenye familia, ni jibu kamili kwa picha uliyompa. Usimbembeleze aongeze jina asilolishuhudia.

Picha zikishindwa

Hapo ndipo kielelezo kinapohitajika. Weka nzi kwenye kichupa cha alkoholi, asilimia 70 kwa kutazama umbo, 95 kama atapimwa DNA. Ndani ya kichupa, tia karatasi iliyoandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu unayeyuka. Kutuma vielelezo nje ya nchi kunahitaji ruhusa, kwa hiyo pitia Lwiro au chuo kikuu, usimpe msafiri mfukoni. Ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega usikamate hata mmoja bila idhini ya ICCN, taasisi ya Kongo inayosimamia hifadhi za taifa.

Kwa nzi wa shangazi, picha zilitufikisha kwenye Dacus, na kichupa kikatufikisha kwenye Dacus bivittatus. Siku jina lilipokuja nilimsomea shambani, akalirudia mara mbili. Tulikusanya maboga yote yaliyooza, tukayafunga ndani ya mifuko myeusi na kuyaacha juani ili funza wafe, badala ya kuyatupa kwenye mbolea kama alivyozoea. Machanga tuliyavisha mifuko ya kitambaa mara tu ua lilipodondoka. Mtego wa cue-lure tuliutundika kwenye mti wa avoka ulio mpakani, na kila Jumamosi tunahesabu waliomo, tunaandika namba kwenye daftari lake la mauzo, ukurasa wa nyuma.